Meno Meupe ya Mama Kalunde

Mkinicheka, nicheke­ni polepole. Mimi ndiye msimamizi wa mtambo wa kuchuja maji hapa kwetu Goweko. Mtambo husukuma maji ya kisima kwenye utando mwembamba unaozuia floridi, ile chumvi inayowafanya watoto wetu waote meno ya kahawia. Wiki jana uliitishwa mkutano, maana wengi bado walikuwa wakinywa ya kisimani yasiyochujwa, na mtambo ulikuwa karibu kuhamishiwa kijiji kingine.

Nikamwona Mama Kalunde, bibi anayechota kwangu kila asubuhi, meno yake meupe kabisa. Nikamwita mbele.

"Shikamoo mama. Maji yetu unayatumia?"

"Marahaba. Kila siku, mwanangu."

"Hebu tabasamu watu waone."

Akatabasamu. Watu wakapiga makofi. Nilijua fika kwamba mtambo hausafishi meno ya mtu mzima, lakini makofi ni matamu. Nikatangaza, "Hiyo ndiyo kazi ya utando!"

Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, kwa siku unakunywa kiasi gani?"

"Sinywi, hayana ladha," akajibu. "Nachota ya kulowekea meno usiku."

Akayatoa mdomoni yote, akamkabidhi mwenyekiti ayaangalie.