Dira Juu ya Reli

Saa mbili na robo asubuhi, Jumapili moja baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha, niliiona sindano ya dira ikionyesha kaskazini mahali ambapo kaskazini haipo.

Tulikuwa Changamwe, tukijenga msikiti mdogo wa wafanyakazi wa reli. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini, karibu sawasawa. Mjomba wa mke wangu, mkuu wa kamati ya ujenzi, alileta dira aliyoinunua Makka alipokwenda kuhiji. Akaiweka juu ya rundo la vipande vya reli kuukuu, tulivyokusudia viwe nguzo, kwa kuwa palikuwa pa juu na pamelala sawa. Fundi akavuta kamba ya ukuta kwa kuipima na sindano, vibarua wakachimba. Walianza alfajiri; nilipofika, mtaro wa ukuta wa kibla ulikuwa tayari na chokaa imeshakorogwa.

Nikamwamkia, kisha nikasema, "Mjomba, hizi reli zimeivuta."

Nikawaeleza kuwa ndani kabisa ya dunia kuna chuma kilichoyeyuka. Joto na mzunguko wa dunia hukitiririsha, mtiririko huo huzaa umeme, na umeme huzaa nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ikitufikia huku juu ni dhaifu; kipande cha reli kikiwa karibu huishinda. Nikaisogeza dira mbali na rundo, sindano ikageuka mbele ya macho yao.

"Dira ya Makka haijui Makka," akasema mjomba, "unajua wewe na vitabu vyako vya kununua mnadani?"

Sikunyamaza. Nikasema hata penye mchanga mtupu sindano haielekei kaskazini halisi, na huhama kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Mawe ya volkano yanapopoa huhifadhi mwelekeo wa sumaku wa wakati ule, na yamepatikana yaliyoelekea kinyume. Sababu yake wataalamu walikuwa wakibishania bado. Baadaye nilisoma kwamba mtiririko ule ukivurugika, sumaku ya dunia hufifia, na ikijijenga upya yaweza kujijenga kichwa chini.

"Basi siku hiyo tutasali kuelekea Tanga?" akauliza fundi. Vibarua wakacheka hadi wakaegemea majembe.

"Sindano itageuka, Kaaba haitageuka. Ndiyo maana siukubali ukuta huu."

Nikasimika kijiti, nikakizungushia duara. Kivuli kilipogusa duara asubuhi nikatia alama, kilipoligusa tena baada ya adhuhuri nikatia ya pili. Kamba kati ya alama hizo ndiyo mashariki na magharibi. Kwa kuwa kibla ni kaskazini, ukuta wake ulipaswa kufuata kamba hiyo. Mtaro wao ulikuwa umepinda waziwazi.

Mjomba aliutazama mstari wangu. "Kamati haichimbi mara mbili," akasema. "Ukitaka mtaro wako, lipa wewe."

Nikamwambia fundi afukie ule wa kwanza. Ujira wake na wa vibarua, pamoja na chokaa iliyoharibika, vilinigharimu shilingi ishirini na mbili na senti hamsini.