Taa ya Nyota ya Bonareri

Mimi ndimi niliyemwambia Bonareri anunue ile taa. Nasema mapema ili watu wa Nyamarambe waache kumsema mkaza mwana wake kila siku ya soko kana kwamba hawana mazao yao ya kuuza. Purity hakuiba kitu. Kama kuna wa kulaumiwa ni mimi, Nyangate, mwenye mdomo unaojibu kabla haujaulizwa.

Mwaka huo, 1996, nilikuwa nauza katika duka la Mama Geeta pale Ogembo. Tuliuza vitambaa, sufuria, betri, madaftari, misumari, na chochote ambacho Mama Geeta aliona kikipendeza akienda Nairobi. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisii mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha haraka, hakikuwa na nafasi ya salamu ndefu. Jioni nilirudi kwangu Nyamarambe. Boma langu na la Bonareri yalitenganishwa na ua wa michongoma tu, na ua huo ulikuwa na pengo tulilopitishia chumvi, moto na maneno.

Bonareri alikuwa mjane wa miaka saba. Alikuwa na majani chai kidogo, migomba, ng'ombe mmoja mkaidi, mabinti wanne walioolewa mbali, na mtoto wa kiume mmoja, Ochoki. Lakini ukimuuliza ana nani, hao wote hakuwataja. Alijibu, "Niko na Bitutu."

Bitutu alikuwa binti wa Ochoki. Kwetu mtoto akishaachishwa ziwa huenda kulala kwa nyanya yake, ndivyo sote tulivyolelewa. Bitutu alilala kwa Bonareri tangu alipokuwa na miaka miwili, kitanda kimoja, blanketi moja, mguu wake juu ya tumbo la nyanya. Asubuhi Bonareri alikuwa akilalamika kwangu kwamba amepigwa mateke usiku kucha. Alilalamika kwa furaha, mtu angedhani anasifu.

Kisha Ochoki akajenga nyumba ya mawe Ogembo, karibu na shule aliyofundisha mkewe Purity. Nyumba ilikuwa na stima, silingi nyeupe iliyofunika mabati, na chumba cha mtoto peke yake. Bitutu alikuwa amefika miaka sita, wakahama naye. Hakuna aliyekosea hapo, mtoto ni wa baba yake. Wakakubaliana kwamba kila Ijumaa ataletwa kwa nyanya, waende kanisani pamoja siku ya Sabato, na Jumapili arudishwe.

Sasa mtu wa nje ataniuliza kwa nini Bonareri hakwenda tu kulala huko. Ataniuliza kwa sababu ni wa nje. Kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ataketi sebuleni, atakunywa chai, ataombea nyumba baraka, lakini jua likianza kushuka atatafuta njia ya kwake. Ni mambo ya heshima, na Bonareri alikuwa mtu wa heshima kupita kiasi, hata chumbani kwa mtoto hakuwahi kuchungulia. Kwa hiyo alibakiwa na njia moja, mtoto aje kwake.

Na mtoto akaanza kukataa. Alikuwa amezoea swichi. Bonareri akizima koroboi, Bitutu anaanza, "Magokoro, sioni mikono yangu." Magokoro ndivyo tunavyomwita nyanya. Bonareri akaamua kuiacha koroboi ikiwaka hadi asubuhi, na mtoto akarudi kwao Jumapili anakohoa, pua nyeusi kwa moshi. Ijumaa iliyofuata hakuletwa. Purity alituma ujumbe kwa adabu kabisa, kwamba mtoto anaogopa giza, mama ampe muda kidogo.

Jioni ile Bonareri alikuja penye pengo la ua. Hakuomba chumvi. "Nyangate," akasema, "wananiambia nimpe mtoto muda. Mimi muda wa kugawa nautoa wapi?"

Nilimwona amevaa kanga yake ya wageni. Alikuwa amepika, akangoja, na ugali wa wimbi ulikuwa mezani umefunikwa. Niliumia. Mimi nikiumia huwa siwezi kunyamaza, kwa hiyo nikamwambia kwamba Mama Geeta ameleta taa za ajabu kutoka Nairobi, ukiiwasha inarusha nyota juu, chumba kizima kinakuwa kama mbingu, na watoto wa Wahindi hulala nazo bila kulia. Nilisema kama mtu aliyezitengeneza. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewasha hata moja.

Jumatatu akaja dukani mapema, amepaka miguu mafuta. Mama Geeta alizitoa tatu akazipanga mezani. "Mama, hii taa mchana haiwezi ona. Kuja store," akasema, tukajifungia sote watatu katika stoo ya nyuma, juu ya magunia ya mchele, mlango ukazibwa kwa gunia ili mwanga usiingie.

Ya kwanza ilikuwa ya kuchomeka ukutani. Ilirusha nyota kali, mtu angeweza kusomea. Bonareri akauliza betri inaingilia wapi. Hakukuwa na betri, na kwake hakukuwa na stima, basi hiyo ikarudi katika boksi lake.

Ya pili ilizunguka na kupiga muziki. Nyota zilikimbia ukutani, zikapita juu ya uso wa Mama Geeta, na kinanda kikalia tin tin tin. Mimi niliipenda. Bonareri alitazama kwa subira mpaka ikamaliza mzunguko, kisha akasema, "Hii itamwamsha hata aliyelala. Na nyota za kwetu hazikimbii."

"Hiyo mtoto napenda sana," Mama Geeta akamwambia.

"Watoto wanapenda mambo mengi, mama. Mimi nataka alale."

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya plastiki ya buluu, kifuniko chake kama bakuli lililopinduliwa na kutobolewa matundu. Ilitumia betri mbili kubwa. Ilirusha nyota tulivu, hafifu kidogo, zenye rangi ya chai ya maziwa. Bonareri aliishika mapajani. Aliisogeza karibu na dari, nyota zikawa ndogo na kali. Akaishusha hadi chini, zikawa kubwa na kufifia. Alifanya hivyo mara nyingi, akahesabu kwa shubiri urefu kutoka sakafuni, akauliza betri zinakaa siku ngapi, globu yake inapatikana wapi ikiungua, na kama mtoto akiigusa itamchoma. Mimi nilikuwa na wateja wananingoja nje.

"Mchagua jembe si mkulima, mama," nikamtania.

"Na asiyechagua atalima kwa vidole," akanijibu, wala hakugeuka.

Mama Geeta ndiye aliyeuliza swali la maana. "Nyumba yako iko na silingi?"

Bonareri akasema ni mabati. Mabati yenyewe nilikuwa nayajua, meusi kwa moshi wa miaka ishirini, mwanga ukipanda huko haurudi. Mama Geeta akatikisa kichwa, akasema nyota zinataka kitu cheupe, hapo juu peusi hazitaonekana. Nilidhani mambo yameishia hapo. Bonareri akafikiri, akaniambia nimfungie ile ya buluu, na nimtafutie magunia matupu ya nailoni, yale meupe.

Mama Geeta hakuwasha stima ya stoo upesi. Watoto wake wote wawili walikuwa Uingereza, na ile taa bado ilikuwa inawaka mapajani mwa Bonareri. Wanawake wawili wakaketi juu ya mchele wakitazama juu, kila mmoja na lake. Mwishowe mimi ndimi niliyefungua mlango.

Wiki ile tulishona. Magunia kumi na moja, tuliyafumua, tukayageuza upande usio na maandishi, tukayaunga kwa uzi wa kushonea viatu. Bonareri alipanda juu ya meza, mwanamke wa miaka sitini na kitu, nami nimemshika miguu nikimkaripia. Tulifunga silingi ile kwenye boriti kwa misumari, ikaning'inia katikati kidogo kama tumbo la ng'ombe, lakini ilikuwa nyeupe. Alhamisi usiku alinituma nilale kitandani mahali pa Bitutu nimwambie kama zinaonekana. Zilionekana. Akasogeza kigoda cha taa mara tatu zaidi, akaniuliza tena.

Ijumaa Bitutu akaletwa, midomo imevimba kwa kulia njia nzima. Niliitwa niwe shahidi. Bonareri akazima koroboi, mtoto akavuta pumzi ya kuanza kilio, na taa ikawashwa. Bitutu hakulia. Alilala chali kinywa wazi. Baadaye akaanza kuuliza majina ya nyota, na Bonareri, ambaye hajui nyota hata moja, akazipa majina ya watu wetu. Ile ni babu yako. Ile iliyo kwenye mshono ni mama yangu mimi. Wale watatu ni shangazi zako, wa nne amefichwa na boriti.

"Na hii iko kwa kona peke yake ni nani?"

"Huyo ni Nyangate. Alikataa kuolewa."

Nilikasirika kweli, kwa sababu mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Nikaenda kwangu. Kutoka kitandani niliwasikia wakiongea muda mrefu, halafu nikasikia kimya cha watu wawili, ambacho ni tofauti na kimya cha mtu mmoja. Hicho cha mtu mmoja mimi ninacho, nakijua.

Tulikuwa na Ijumaa sita za namna hiyo. Bonareri alinenepa. Alianza kulalamika tena juu ya mateke, na mimi nilitembea Ogembo nikijisifu kwa kila mteja kwamba akili ya kuleta taa ile ilikuwa yangu.

Jumapili ya sita Purity alikuja mwenyewe kumchukua mtoto. Alikuwa na mimba kubwa, amechoka, viatu ameshika mkononi. Alipiga magoti akamsalimu mama mkwe vizuri. Nilikuwepo, nachambua mboga mlangoni. Kabla hajasema kitu, Bitutu akatoka chumbani amebeba mfuko wake, na taa ilikuwa ndani, bakuli la buluu linachungulia.

"Magokoro," akasema, "nikienda na hii nitalala peke yangu. Sitamsumbua mama."

Purity akaona haya. Akaeleza kwamba nyumbani Bitutu hataki kabisa chumba chake, kila usiku anakuja kujibana katikati yao, na sasa kuna mtoto mwingine njiani na daktari amemwambia apumzike. Mwenyewe angenunua taa kama hiyo, ila mtoto anaitaka hiyo hiyo, ya magokoro. Aliomba kuazima tu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya miezi mingi, sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu.

Nilimtazama Bonareri nikitaka akatae. Aseme taa ni ya nyumba hii, anayeitaka aifuate huku. Alikuwa na haki. Lakini mtoto alikuwa amesimama pale na mfuko, anaona fahari kwamba ameshinda giza, anangoja asifiwe.

"Umekuwa mkubwa," Bonareri akamwambia. Akaingia ndani, akatoka na betri mbili mpya alizokuwa ameweka kwa ajili ya Ijumaa. Alifungua taa, akatoa zile zilizochoka, akatia mpya, akamwonyesha Purity mahali pa kuiweka, kiasi cha shubiri nne kutoka sakafuni.

Purity akamshukuru sana. Akasema, "Mama, silingi yetu ni nyeupe kabisa, zitang'aa. Uje uzione siku moja."

Halafu akajishughulisha na viatu vyake, kwa maana alikuwa binti wa kwetu na alijua alichokisema. Nyota zile hutoka usiku. Na usiku Bonareri hana mahali katika nyumba ya mwanawe.

"Nitaambiwa zilivyo," Bonareri akajibu.

Ijumaa iliyofuata mtoto hakuja, kulikuwa na mvua. Iliyofuata Purity alijifungua. Iliyofuata nilisikia Bitutu ana rafiki jirani mwenye televisheni. Kila wakati salamu zilikuja, na kila salamu ilikuwa na sifa ileile, kwamba Bitutu analala peke yake usiku kucha kama mtu mzima, hata hawaamki. Mimi nilizileta salamu hizo kutoka Ogembo, nikazitema penye pengo la ua kama dawa chungu. Maji yakimwagika hayazoleki. Sisi wenyewe tulimfundisha mtoto yule kutohitaji mtu.

Nilimkasirikia Mama Geeta, nikamkasirikia Purity, nikajikasirikia na mimi mwenyewe, hata siku nzima nikakosea kurudisha chenji. Mwisho nikaona dawa ni moja. Dukani kulikuwa kumebaki taa moja ya buluu, sawa kabisa na ile. Mama Geeta aliposikia ni ya nani aliniambia niichukue, akasukuma na betri. Nilipita penye ua jioni nikiwa nimeificha chini ya sweta, nikijiambia kwamba sasa mtoto atakuwa na nyota huku na huku, hatakosa sababu ya kuja, na hata asipokuja, silingi yetu haitakaa bure.

Bonareri alikuwa ameketi kitandani, upande wake wa siku zote, upande wa Bitutu, wa ukutani, akiwa ameuacha wazi. Niliiweka taa mapajani mwake. Aliigeuza, akaifuta vumbi kwa kanga, akanirudishia.

"Nyangate, mwanangu," akasema, "mimi giza siliogopi."