Tope Mgongoni Mwangu

Wako watu hapa Koboko, kaskazini mwa Uganda, wanaosema siku ile nilikuwa nimelewa. Mimi sinywi. Baba yangu alikuwa askari na Mwislamu wa saumu zote, na nyumbani kwetu hata harufu ya pombe haikupita mlangoni. Wengine wanasema mvua ilinichanganya akili. Waseme. Aliyekuwa juu ya pikipiki ni mimi, si wao, na jambo hili lilinipata kabla ya magharibi, saa ambayo mtu bado anaiona vizuri sura ya mwenzake.

Kazi yangu ni boda. Nilikuwa nimepata pikipiki iliyotumika, injini nzima lakini sura mbaya. Madigadi ya nyuma, ile ya kuzuia tope la tairi, ilikuwa ya plastiki, ndefu kama ulimi wa ng'ombe, imepasuka, inapiga kelele kila shimo. Vijana wa stendi yetu walikuwa wameanza kuzikata za kwao. Ukikata, mkia unakuwa mfupi, tairi lote linaonekana, pikipiki inasimama kama jogoo. Nikatamani. Nani asingetamani?

Nikaenda Arua kwa fundi mmoja Mlugbara anayeitwa Candia. Aliikata ile ya zamani karibu na kiti, akafunga kipande kifupi cha bati alichokikunja mwenyewe, akahamishia taa na namba chini ya kiti. Alipomaliza alirudi nyuma akaitazama.

"Inapendeza," akasema. "Lakini mvua ikinyesha, tope lote litapanda. Abiria wako ndiye atakuwa madigadi."

Tukacheka, nikawasha, nikaondoka.

Barabara ilikuwa kavu. Nakuomba ulishike hilo, kwa sababu wanaonibishia hulisahau: mpaka nilipomkuta yule mwanamke, barabara ilikuwa kavu na shati langu lilikuwa safi. Alisimama karibu na daraja dogo, nyumba hakuna, duka hakuna. Amejifunga shuka ya maua juu ya gauni. Mguu mmoja ulikuwa na sandali ya bluu, mwingine mtupu. Akainua mkono.

"Kijana, mimi nakwenda Dranya."

"Panda, mama."

Akapanda kiupande, kama wanavyopanda wanawake wetu. Springi za nyuma zikashuka. Mkono wake ukanishika bega, na mkono ule ulikuwa na uzito, amini usiamini. Kivuli hakishiki bega.

Hatujaenda mbali mvua ikaanguka. Nikakumbuka maneno ya fundi, nikaona aibu. "Mama, pole," nikamwambia, "madigadi nimeikata. Maji yatakurukia mgongoni."

"Hiyo si shida. Mimi nalowa zamani."

Tulipoacha lami na kuingia njia ya udongo ya Dranya, tope jekundu likaanza kuruka. Nililisikia likipiga bati, likipiga kiti. Akaniuliza, karibu na sikio langu, "Wewe naogopa kubeba mgonjwa?"

"Siogopi, mama. Mgonjwa ni mtu."

Alinielekeza njia kwa kunibonyeza bega, kushoto, kulia, mpaka kwenye boma lenye nyumba ya bati na vibanda viwili vya nyasi. Nikataka kusimama nje. "Ingia mpaka mlangoni," akasema. "Miguu haina nguvu." Nikaingia mpaka mlangoni. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungemwacha mama mgonjwa atembee kwenye mvua?

Barazani walikuwa wawili, mwanamume wa makamo na mama yake mzee, wanamenya karanga. Baadaye nilijua kwamba mwanamume huyo anaitwa Lemi na anauza vitenge sokoni Koboko. Nikawaambia, "Hodi. Nimewaletea mgeni."

"Mgeni gani?" Lemi akauliza.

Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini si utupu wake ulionitisha, kwani mtu anaweza kushuka haraka. Kilichonitisha ni tope. Kiti chote kilikuwa chekundu, kutoka mwisho wa mkia mpaka kwenye makalio yangu, na hakuna mahali palipofutwa na nguo ya mtu.

Yule bibi akateremka barazani, akanizunguka, akagusa shati langu kwa nyuma. Akanionyesha kiganja chake.

"Tope imefika mpaka shingo," akasema. "Kama mutu alikuwa nyuma yako, hii tope ingekuwa yake. Ulibeba nani?"

Nikamweleza. Daraja, shuka ya maua, alivyouliza habari ya mgonjwa. Nilipotaja sandali ya bluu, Lemi akakaa chini, karanga zikamwagika.

Bibi akamgeukia mwanawe. Alizungumza polepole. "Lemi. Wewe ulituambia mke wako Kiden alikimbilia Kongo na mwanamume."

Lemi akaanza kuokota karanga zilizomwagika.

"Lemi."

"Nilimtoa hospitali Arua," Lemi akasema. Alikuwa anazungumza na sakafu. "Walisema nirudi naye nyumbani, dawa hazimsaidii tena. Njiani akaanza kutapika damu juu ya mgongo wa dereva wa boda. Dereva akakataa kuendelea, akatushusha pale darajani, akaenda zake. Nikamwambia Kiden, kaa hapa, natafuta gari."

"Alikuwa anapumua?"

"Alikuwa ananiita."

"Ukarudi?"

Lemi akarudia kuokota karanga.

Wakati huo mlango ukafunguka, akatoka msichana mdogo, binti yake Lemi. Alikuwa amesikia jina la mama yake. Akatazama pikipiki yangu, akatutazama sisi, akauliza, "Mama iko wapi?"

Nilidhani bibi atalia. Nilidhani atamkumbatia yule mtoto. Alimshika mkono, akamrudisha ndani, akafunga mlango kwa komeo kutoka nje. Kisha akaniambia mimi, "Wewe ndiye ulimwingiza humu. Mtoe."

"Bibi, nitamtoaje? Mimi simwoni."

Lemi alikuwa ameshaingia kibandani na kutoka na panga. Hakulinyanyua. Alilishika tu, upande wa mguu, akasimama kati yangu na njia ya kwenda kwa majirani. "Panda pikipiki yako," akasema.

Nikapanda. Bibi akasogea mpaka kwenye kiti kile kitupu, na sauti yake ikawa laini, ile sauti tunayowasemesha wagonjwa.

"Kiden, mwanangu. Hapa hakuna nafasi yako. Kuna mke mwingine, kuna watoto wadogo. Nenda na huyu kijana. Huyu ni mtu mzuri. Yeye hatakuacha njiani."

Mtoto alikuwa anapiga mlango kwa ndani.

Springi zikashuka. Ule mkono ukarudi begani kwangu, pale pale.

Sijui niliendeshaje mpaka mjini. Najua kwamba njia nzima yule mwanamke hakusema neno, na kwamba nilipofika kwetu nilishuka na yeye hakushuka.

Shehe alinisomea. Mchungaji wa jirani naye aliomba, mama yangu alimwita mwenyewe. Niliiuza ile pikipiki kwa kijana wa Kuluba, naye hana tatizo lolote, anabeba mihogo na watu. Mimi nikanunua nyingine, yenye madigadi ndefu ya kiwandani ambayo sijaigusa. Siku ya kwanza nilipoikalia, springi zilizama mara ya pili kabla sijatia gia.

Mke wangu Zaitun alipanda nyuma mara moja tu, tukienda sokoni. Hatukufika mbali akaniambia nisimamishe. Akashuka, akatengeneza shuka yake, akasema, "Kuna mtu kati yangu na wewe." Siku yake ya kujifungua ilipofika alikwenda hospitali kwa miguu, mama yangu akimshika mkono kila uchungu unapokuja, na mimi nyuma yao nikisukuma pikipiki yenye mzigo wa nguo. Namshukuru Mungu mtoto ni mzima. Naye hajawahi kupakiwa kwenye pikipiki yangu.

Lemi hakupatwa na lolote. Vitenge vyake vinauzika. Bibi yuko, ana afya.

Kiden huzungumza mvua ikinyesha, na neno lake ni moja. Huniuliza kama mtoto wake ameshafunguliwa mlango. Mwanzoni nilinyamaza, na kila niliponyamaza mkono ulinibana mpaka bega likafa ganzi na pikipiki ikanishinda. Mara mbili nimeanguka. Sasa namjibu kwamba amefunguliwa. Namdanganya kila mvua, na kila mvua anauliza tena.

Kwa hiyo wewe unayepita barabara ya Arua na Koboko, nisikilize. Ukimpakia mtu usiyemjua, simama kwanza nje ya boma, geuka, mwangalie, umwite mwenyewe wa nyumba atoke. Usimwingize mtu kwa watu kwa huruma yako tu. Na ukiniona mimi nakuja peke yangu, mvua inakupiga na hakuna boda nyingine, usininyooshee mkono. Sitasimama, na usinitukane nikipita.