Salha na Mchezaji Aliyelamba Dadu

Salha binti Amiri alikuwa fundi cherehani, na nusu ya watoto wa shule mjini Same walivaa nguo zilizopita mikononi mwake. Chumba chake kilikuwa nyuma ya stendi, kina cherehani mbili na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Siku za kazi meza ile haikuonekana kwa vitambaa vya kaki na bluu. Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri, aliifuta na kutandaza juu yake ramani aliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi: mito, mapango, miji isiyokuwepo popote duniani.

Ramani ile ilikuwa ya mchezo alioujulia Moshi alikokwenda kusomea ushonaji. Watu mnaketi mezani, kila mmoja anabuni mhusika wake, askari au mwizi au mganga, na yeye ndiye anayemsemea na kumwamulia. Mmoja wenu anakuwa msimulizi, anawaeleza mmefika wapi na mmekutana na nini. Mhusika akitaka kufanya jambo lenye mashaka, kama kuruka korongo au kumdanganya mlinzi, mchezaji wake anarusha dadu yenye pande ishirini. Namba kubwa amefaulu, ndogo ameumia. Hadithi moja huweza kuchukua mwaka mzima.

Msimulizi alikuwa Salha. Wachezaji walikuwa watatu. Mwalimu Ezra, mstaafu wa kutoka Mhezi, alicheza mzee mwizi na kumpenda kuliko alivyopenda kukiri. Nailantei, mwanamke wa Kimaasai aliyeuza dawa za mifugo karibu na mnada, alicheza mganga mpole aliyetibu hata maadui. Wa tatu alikuwa Chande, wakala wa tiketi za mabasi, na mhusika wake alikuwa askari wa kukodiwa.

Mwanzoni Chande alikuwa raha tupu. Jumapili yake ya kwanza aliigiza mlevi anayepatana bei na mbuzi, na Mwalimu Ezra akavua miwani afute machozi. Lakini mtu humjui mpaka ukae naye. Jumapili ya tatu Chande aliitia dadu mdomoni, akaizungusha shavuni kama peremende, kisha akaitemea mezani.

"Naipa bahati," akasema.

Ikaviringika juu ya ramani na kuacha mstari wa mate katikati ya mto. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yake. Kila aliyemfuatia aliipokea dadu ikiwa ya moto na yenye utelezi, na Nailantei akazoea kuifuta kwa pindo la shuka kabla ya kuishika. Chande alichokonoa meno kwa kona ya karatasi ya mhusika wake. Aling'ata sambusa, akaonja nyama ya ndani, na asipoipenda aliirudisha kwenye sahani ya wote. Salha aliacha kula kwenye sahani ile.

Hayo yangevumilika. Yaliyomtia kinyaa hasa ni yale yaliyotoka mdomoni mwa Chande bila mate. Siku moja hadithini kundi lilimteka mlinzi wa daraja, likitaka tu kumuuliza njia. Askari wa Chande akaanza kumkata vidole. Chande alikieleza kila kidole, mlio wake na rangi yake, huku akitafuna. Ezra akasema, kwa kucheka kidogo, kwamba inatosha. Nailantei akasema inatosha, naye hakucheka. Chande akaendelea mpaka mkono wa pili. Na Salha, kwenye kidole cha kwanza, alikuwa amecheka pia. Kilikuwa kicheko kifupi cha kuficha aibu, lakini Chande alikipokea kama ruhusa.

Ikaja Jumapili moja ya mwezi wa tatu, joto limekaba chumba. Ndani ya hadithi kundi lilikuwa limepiga kambi kando ya pango, wamechoka, wamelala.

"Askari wangu anaamka," Chande akasema. "Anaingia kwenye hema la mganga." Hakuwa akitazama ramani. Alikuwa akimtazama Nailantei. "Anamfunua shuka, taratibu."

"Mganga ameamka," Nailantei akasema. "Anatoka nje."

"Hajaamka. Amechoka. Msimulizi, si ulisema wamechoka?"

Kwa mwaka mzima Salha alikuwa akijibu maswali kama hayo kwa neno lilelile, na neno hilo likamtoka kabla hajalifikiri.

"Rusha dadu."

Chande akaitia mdomoni, akaitema. Kumi na tisa.

Nailantei aliikunja karatasi ya mganga wake mara mbili, kisha mara nne, akaitia mkobani. "Kesho nina ndama wa kuchanja Kileo," akasema, akatoka. Mwalimu Ezra alikuwa akitazama ukuta. Chande akacheka. "Anakasirikia mambo ya hadithini."

Salha akavunja mchezo. Walipoondoka aliosha meza kwa sabuni, akaiosha tena kwa dawa ya madoa, akaiokota dadu kwa kipande cha kitambaa kama mtu anayeokota panya aliyeoza. Sauti aliyokuwa akiisikia masikioni haikuwa ya Chande, ilikuwa yake mwenyewe.

Siku mbili baadaye alikwenda dukani kwa Nailantei.

"Chande namjua," Nailantei akamwambia, akipanga chupa za dawa ya kupe bila kugeuka. "Wanaume kama yeye nakutana nao kila siku ya mnada, na dawa yao ninayo. Mimi siku ile nilikuwa nakutazama wewe, dada Salha."

"Nisamehe."

"Nimekusikia," akasema Nailantei, akaendelea kupanga chupa.

Kutoka hapo Salha alipita kwa Mwalimu Ezra.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nimejua ulilojia. Tumwonye kwanza. Mtu hafukuzwi kama mbwa."

"Tulimwonya kwenye vidole. Wewe mwenyewe ulimwambia inatosha."

Mzee akavua miwani. "Nilimwambia huku nacheka," akasema.

"Basi mimi nitamwambia bila kucheka."

Alimkuta Chande stendi kwenye meza yake ya tiketi, anakula mihogo ya kukaanga, pilipili imemjaa vidoleni.

"Chande, usije Jumapili hii. Wala nyingine yoyote."

Akadhani ni utani. Alipoona si utani, akaanza kulamba kidole kimoja kimoja, bila haraka, macho yamemkazia. "Nani alisema nirushe dadu?"

"Mimi."

"Na kwenye vidole vya mlinzi, nani alicheka?"

"Nilicheka. Nilikosea, na kosa langu nalibeba mwenyewe. Lakini mezani kwangu hukai tena."

"Mchezo wa kitoto tu huo."

"Basi hutaukosa."

Jumapili akaja vilevile, soda mkononi, tabasamu usoni, akaweka mguu mmoja ndani. Salha akasimama mlangoni. Chande akamchungulia Ezra juu ya bega lake. "Mwalimu, mwambie huyu mwanamke."

Mwalimu Ezra aliinuka polepole, magoti yakamlia. "Umeshaambiwa na mwenye nyumba," akasema. "Nenda."

Chande akatema mate kizingitini, akaenda zake. Salha akaleta ndoo na kuosha mahali pale mara tatu.

Haikuishia hapo. Stendi yote ikasikia kwamba fundi Salha ana ramani za uchawi na huita majini kila Jumapili. Mzazi mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa, akakishika kwa ncha za vidole kana kwamba kimeoza. Salha alimkabidhi bila kubishana. Kinyaa cha yule mama alikielewa, alikuwa akikijua vizuri, ila kilikuwa kimeelekezwa kwa mtu asiyestahili.

Nailantei alirudi wiki ya tano tangu alipotoka, akaketi kiti kingine, si kile cha zamani.

"Lile la hemani tulifute," Salha akasema. "Tuseme halikutokea."

"Usilifute. Lilitokea. Mganga alihama kundi alfajiri ile na hamtamwona tena. Leo nataka mwindaji." Akavuta karatasi mpya. "Na siku nyingine mtu akisema neno kama lile?"

"Mchezo unasimama hapohapo, na anatoka."

Nailantei alimtazama kwa muda mrefu, kama anayempima ng'ombe wa kununua. Kisha akaomba kalamu, na Mwalimu Ezra akauliza huyo mwindaji anatokea upande gani wa mto.