Mchezo wa Watu Wanne

Tulikuwa waamuzi watatu katika mashindano ya watu wanaobuni michezo ya mezani kwa kujifurahisha, hapa Tarime mjini: mimi mwalimu wa hisabati, mzee aliyestaafu serikalini, na mama mwenye duka la madaftari. Mshindi angechapishiwa mchezo wake Mwanza.

Kanuni nilizitunga mimi, nikajivunia. Majina yasijulikane, kila mchezo uwe na namba tu. Kila mwamuzi aandike alama zake kabla hatujazungumza. Mbunifu akae nje mchezo wake ukichezwa, na akisema neno lolote na waamuzi, anatolewa.

Mchezo wa mwisho tuliufikia saa kumi na moja jioni, wanakwaya wakiwa wameshaanza kuingia ukumbini kwa mazoezi yao. Ulikuwa ndani ya boksi la sabuni: kadibodi iliyochorwa mto, vizibo vya soda vilivyokuwa ng'ombe, dadu moja, na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa mkono. Wachezaji walitakiwa kusaidiana kuvusha ng'ombe kabla maji hayajajaa. Tulicheza mara moja. Mto ukajaa upesi, ng'ombe wote wakasombwa.

"Huu hauchezeki," mzee akasema. Alisema kabla hatujaandika alama, nami sikumkumbusha. Niliandika mbili kati ya kumi.

Fundi simu mmoja wa mjini akatangazwa mshindi. Watu walipokuwa wakimpigia makofi, nilianza kukusanya vitu mezani, nikageuza ile karatasi. Nyuma yake iliandikwa: wachezaji wawe wanne, wasipungue, kwa sababu wa nne ndiye anayeshika kamba ng'ambo ya mto. Sisi tulikuwa tumecheza watatu.

Nilimkimbilia mzee getini, nikamwonyesha.

"Sikiliza, mura," akaniambia kwa upole, akiniita kijana kwa Kikurya. "Matokeo yameshatangazwa. Ukifungua hili moja, kila mtu atataka lake lifunguliwe."

"Lakini mzee, hatukuucheza."

"Tuliucheza vibaya. Ndiyo imeshatokea."

Nilimgeukia mama wa duka. Aliangalia chini, akasema boda yake inamsubiri.

Jumamosi, baada ya kulipata jina la mbunifu kwenye orodha ya namba, nilikwenda Nyanungu kumtafuta, nimebeba boksi lake. Nilimkuta mama wa makamo akipukuchua mahindi uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Nilimweleza yote bila kujitetea. Hakuacha kupukuchua.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa karibu na dirisha. Nilisikia sauti tatu, nikangoja ya nne."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Si ulisema atakayeongea anatolewa?"

Aliwaita majirani wawili, tukacheza wanne, mimi nikishika kamba. Tulivusha ng'ombe wote isipokuwa wawili. Jirani mmoja alicheka, akataka turudie. Yule mama aliniambia alianza kuuchora baada ya msiba wa mume wake, apate cha kufanya. Nilimwahidi kwamba nitapigania alama zake zifutwe na mchezo uamuliwe upya. Niliandika barua kwa walioandaa mashindano, kisha nikaandika nyingine. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe, nikaambiwa kazi ya uchapaji imeshaanza.

Mashindano yaliyofuata nilibadili kanuni. Kila mchezo uchezwe mara mbili, kwa idadi ya watu anayoitaka mbunifu, naye aruhusiwe kutusahihisha tukikosea maelezo, hilo tu. Nilimpigia simu yule mama mapema kumsihi aje.

"Mmefanya vizuri, mwalimu," akasema. "Ila mimi nimeacha."

"Basi niazime ule mchezo, niwaonyeshe."

"Kadibodi nilishawashia moto jikoni."

Baada ya simu nilichukua karatasi nikajaribu kuuchora mto ule kwa kukumbuka. Kamba niliikumbuka, na mahali ng'ombe walipoanzia. Sikukumbuka maji yalipanda kwa hatua ngapi. Nilichora na kufuta mpaka karatasi ikatoboka. Kumpigia tena kumuuliza, nilishindwa.