Ekzosi ya Kinyozi

Jirani yangu kinyozi alikuwa na maradhi ya kusema kesho. Paa likivuja, kesho. Bawaba ya mlango ikilegea, kesho. Lakini maradhi hayo yalimzidi zaidi kwenye ekzosi ya pikipiki yake, lile bomba la moshi, ambayo ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukiigusa unaondoka na vidole vyekundu.

Mkewe tulimwita Bi Cheko, kwa kuwa hakuweza kumaliza maneno matatu bila kucheka. Alikuwa akimsuta mumewe mbele ya watu.

"Mume wangu anang'arisha vichwa vya mtaa mzima, ekzosi yake inatia aibu!"

"Wiki ijayo naipaka rangi," kinyozi alijibu.

"Wiki ijayo ya mwaka gani?"

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani, na baraza yangu inatazama uani kwao. Kinachotutenganisha ni kamba ya kuanikia nguo tu. Kwa hiyo mengi niliyaona, mengi niliyasikia, na yale ambayo sikuyasikia niliuliza. Sioni haya kusema hivyo, jirani asiyeuliza wa kazi gani?

Kila asubuhi waliondoka pamoja, kinyozi akienda kwenye kibanda chake cha kunyolea, mkewe akienda shuleni alikokuwa mpishi. Bi Cheko alikaa nyuma na kandambili zake nyekundu za mpira, na mguu wake wa kulia haukukubali kukaa mahali pake. Ulikuwa ukiteleza taratibu mpaka unakaribia ekzosi.

"Mguu!" kinyozi alipiga kelele kabla hata hawajafika getini.

"Nimesikia, mimi si kiziwi!" Kisha kicheko, mpaka wanakata kona.

Hivyo ndivyo nilivyojua kumekucha. Sikuhitaji jogoo wala saa.

Halafu Bi Cheko akaanza kuumwa kifua. Tulidhani ni mafua, mtu anakohoa, anakunywa dawa, yanapita. Hayakupita. Mchana mmoja alizidiwa, pumzi ikawa inatoka kwa kuvuta, na gari la kumpeleka hospitali halikupatikana. Kinyozi akaitoa pikipiki. Mimi mwenyewe ndiye niliyempandisha rafiki yangu pale nyuma, nikamfunga kwa shuka kwenye mgongo wa mumewe ili asianguke. Kichwa chake alikilaza begani kwa kinyozi. Nikamwambia, "Haya, nenda ukapone, una nguo zako kwangu hujazichukua." Alitabasamu.

Yaliyotokea njiani kinyozi alinisimulia baadaye, akiwa amekaa kwenye ngazi ya baraza yangu. Walipofika nusu ya safari alisikia harufu ya mpira unaoungua. Akapiga kelele kama kawaida yake, "Mguu!" Kimya. Akarudia. Mara ya tatu akasema kwa hasira, akidhani mkewe anafanya ukaidi wake ule ule. Harufu haikukoma mpaka getini mwa hospitali. Walipomfungua lile shuka, Bi Cheko alikuwa ameshakwenda.

"Nilimgombeza maiti, jirani," aliniambia.

Nilimshika mkono tu, tukalia wote wawili mchana kweupe, wapita njia wakitutazama.

Tangu hapo pikipiki ilisimama ukutani, imefunikwa turubai. Kinyozi akawa anakwenda kazini kwa miguu. Nywele zake nazo zikaota zikamfunika masikio, maana kinyozi hajinyoi, na aliyekuwa akimnyoa ni mkewe. Wenzake walipomwambia akae wampunguze, aliwajibu kesho. Wateja wapya walikuwa wakichungulia kibandani, wanamwona fundi mwenyewe alivyo, wanaulizana kama wameingia mahali penyewe.

Binti yao ni daktari wa mifugo, anafanya kazi mbali, na kutoka zizi moja hadi jingine ni mwendo. Alipokuja kumtazama baba yake, alimwambia kwa heshima, "Baba, pikipiki inaoza pale. Kama huipandi tena, si unipe mimi niifanyie kazi?"

Kinyozi aligeuka akalitazama turubai. Mwishowe akasema, "Ichukue. Lakini haitoki hapa na kutu. Nilimwahidi mama yako."

Jumamosi wakatoa turubai. Binti akajifunga kilemba, akashika brashi ya waya, akaanza kusugua kutu kwa bidii ya mtu aliyezoea kushikana na ng'ombe. Akafika pale katikati. Palikuwa na baka jekundu la mpira ulioyeyuka ukagandia, upana wake kama kisigino.

"Na hii takataka nini tena?" akauliza, akainua brashi.

Baba yake akamdaka mkono.

"Hapo paache, mwanangu," nikasema kutoka barazani.

"Kwa nini, mama mdogo?" akaniuliza, kama alivyozoea kuniita.

Ndipo baba yake akamweleza, yote, hata zile kelele tatu. Binti alikaa chini kwenye mchanga na brashi yake, akalia kama alivyokuwa akilia udogoni, kwa sauti, bila kujificha uso. Niliacha sindano ndani ya nguo ya watu nikaruka kamba nikaenda kumkumbatia.

Sasa kinyozi alitaka vyote viwili. Alitaka kutimiza ahadi, na alitaka lile baka libaki, kwa sababu hapo ndipo mguu wa mkewe ulipogusa mara ya mwisho. Akaleta tepu ya karatasi, akalifunika baka. Akachukua mkasi wake wa kazini, akaipunguza tepu kwenye kingo polepole, amekunja uso kama anayezunguka sikio la mtoto mtundu. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua.

Baada ya hapo kazi ikaenda. Brashi ya waya, msasa mkali, msasa laini. Nilitoa vipande vya vitambaa, wakavichovya petroli wakafuta vumbi mpaka chuma kikatoa uso wake. Wakafunika gurudumu na injini kwa magazeti, kinyozi akatikisa kopo la rangi nyeusi, ile ya kustahimili moto, akapuliza kidogo, akangoja ikauke, akapuliza tena. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimsikia akipiga mluzi.

"Jirani," akaniita, "njoo uone. Wiki ijayo imefika!"

Binti akacheka, na kicheko kilikuwa cha mama yake kitupu. Moyo wangu ulifurahi. Nilisema huyu sasa atapona, na kesho nitamshika kwa nguvu nimkalishe anyolewe.

Rangi ilipokauka alibandua tepu. Ekzosi ilikuwa nyeusi inameta, na baka lipo pale pale, jekundu, halikuguswa.

"Mama angekucheka," binti akamwambia.

"Acha acheke."

Binti akaokota kopo, akasoma maandishi ya nyuma. Yalisema rangi haishiki bila moto: washa injini, ekzosi ipate joto taratibu, la sivyo itabanduka.

"Basi washa," kinyozi akasema.

Tulikuwa watu wazima watatu pale, na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Binti akapanda, akapiga kiki. Pikipiki ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikawaka. Kinyozi alipiga magoti kando yake na kitambaa mkononi. Moshi mwembamba ukaanza kutoka kwenye rangi, kama kopo lilivyosema, nasi tukawa tunautazama kwa kuridhika.

Halafu harufu ikabadilika. Ilikuwa ya mpira. Baka lilivimba, likatoa mapovu, likaanza kuteremka kwenye rangi mpya.

Kinyozi hakuufikia ufunguo, wala hakumwambia binti azime. Aliinua uso, akapiga kelele kama asubuhi zote zile.

"Mguu!"

Binti alishtuka, akauinua mguu wake wa kulia juu, akazima injini.

"Nimeutoa, baba! Samahani, nimeutoa."

Mpira uliendelea kudondoka juu ya gazeti, maana chuma kilikuwa bado cha moto. Pale ulipokuwa pakabaki alama ya masizi tu. Kinyozi aliutazama mguu wa binti yake, ambao bado ulikuwa hewani, kisha akamtazama usoni.

"Si wewe, mwanangu," akasema. "Si wewe."