Fulu Wakipiga Hodi

Enzi zetu sisi watoto wa Mbita, fulu haikuwa samaki ya kununua. Watu wa rika yangu wanaijua, kasamaki kadogo ka mifupa mingi, kanakaa kwa mawe kando ya ziwa. Leo ukiuliza kijana fulu ni nini, anaingia kwa simu, anakuonyesha picha ya samaki ya Malindi, halafu anakuambia wewe ndiye hujui.

Tukitoka kuteka maji tulikuwa tunapitia kwa mawe, wasichana wanne watano, tunalala kifudifudi juu ya jiwe la moto mpaka tumbo inachomeka. Chini pale kulikuwa na kijiji mzima. Kila jiwe na wenyewe. Na sisi tuliwapa majina ya watu. Kulikuwa na ile ya kulamba ukijani kwa mawe kutwa nzima, huyo tukamwita Karani wa Chifu. Kulikuwa na ingine nyeusi, ukigusa jiwe yake inakufukuza, huyo Mke Mkubwa. Halafu mama fulu, mwenye kuficha watoto ndani ya mdomo mpaka anakosa kula. Na kulikuwa na mwizi wa kumgonga huyo mama kwa shavu ili ateme watoto, awameze. Huyo mwizi tulimpa jina ya jirani yetu mmoja. Simtaji, wajukuu wake wanajua kusoma.

Tulikula fulu na ugali ya mtama, kimya. Mama alikuwa anasema, "Kwa fulu hakuna hadithi," na ukweli, ukicheka tu mfupa umekaa kwa koo. Hawa wa siku hizi wanataka samaki isiyo na mwiba, isiyo na kichwa, isiyo na macho, eti inawaangalia. Si mle tu mkate.

Nyanya yangu ndiye alitufundisha kusoma hayo mawe. Alikuwa anavuta sigara kama wamama wa zamani, moto ndani ya mdomo, kwa hivyo maneno yote ilitokea puani. Upepo ikivuma siku mbili mfululizo halafu ikatulia ghafla, maji ya chini inageuka, inapanda juu, nyeusi, inanuka yai mbovu. Hapo fulu wote wanatoka kwa mawe. Karani, Mke Mkubwa, mwizi na yule mama aliyeibiwa watoto, wote wanakuja ukingoni pamoja, midomo juu, wanapumua kama watu wametoka kwa mbio. Nyanya anaangalia, anasema na ile pua yake, "Fulu wamepiga hodi. Wekeni jembe chini, chukueni vikapu. Leo ni mboga, kesho ni maiti."

Baadaye mawe inabaki tupu. Halafu pole pole wanarudi. Karani ndiye wa kwanza, kwa sababu ukijani umeota na hakuna wa kumkataza. Mke Mkubwa anakuja mwisho na kukuta mwingine amekalia jiwe yake, na hapo vita inaanza, na sisi tunakawia kurudi nyumbani tukiangalia, tunachapwa.

Halafu mbuta ikaja, ile samaki jitu ya kuletwa ziwani. Nilikuwa nimeshaolewa. Mama mkwe alipoiona mara ya kwanza alisema, "Hii si samaki, hii ni mbuzi ilizama." Hiyo mbuzi ilimeza fulu ya ziwa yote. Wenye walibaki ni wale wa kwa mawe, penye tumbo ya mbuta haiwezi kupita. Nayo mbuta tukaizoea, halafu watu wa kiwanda wakachukua nyama yake, sisi wakatuachia mgongo wazi, ile mifupa na kichwa. Na tunaifurahia.

Sasa nije kwa Akinyi, mjukuu wangu. Ananiita Dani, vile sisi Wajaluo tunaita nyanya. Akinyi alifunga saluni yake akaingia kufuga samaki kwa keji, zile nyumba za wavu wanaweka ndani ya ziwa. Keji mbili, ngege, yaani tilapia, imenona, siku tatu tu kabla ya kuvuna. Hakuwa na kitu kingine.

Asubuhi hiyo upepo ilikuwa imetulia. Nikashuka kwa mawe na fimbo yangu, nikaona midomo. Nikampigia Akinyi. Nikamwambia, "Nyakwara, mjukuu wangu, fulu wamepiga hodi. Toa samaki yako leo."

Akacheka. "Dani, mwaka jana walipiga hodi, nikakimbia na pikipiki, nikakuta unataka sukari."

Hiyo ni ukweli. Nilitaka sukari, na nilikuwa nimemkumbuka pia. Lakini sasa nimejichafulia mdomo.

Akamweka kwa simu kijana wa projekti ya keji, mwenye kupima maji na kamashini. Huyo kijana ni Mjaluo wa hapa Lambwe, lakini anaongea kama amezaliwa juu ya ghorofa, nyanya kwake ni Sosho. "Sosho, relaksi. Juzi nimepima oksijeni. Parameta ziko sawa."

Nikamuuliza, "Leo je?"

"Leo si siku ya kupima, Sosho."

Akinyi akafanya kazi ya mtu mwenye hajui amwamini nani. Akavuna keji moja, ingine akaacha.

Asubuhi iliyofuata ile keji ya pili ilikuwa nyeupe kwa matumbo juu. Kijana akaja na leso kwa pua, anajaza maji kwa chupa, anaita sampuli. Akinyi hakulia. Alikuwa anatoa na beseni, moja moja, kama mtu anafagia nyumba ya wengine.

Nilimwambia hiyo maneno Mswahili wa Lamu mwenye duka ya leso pale mjini. Akashika kidevu, akaniimbia na ile sauti yake ya asali, "Bibi yangu, hata kwetu matumbawe yakiungua kwa joto, yakawa meupe, samaki huhama. Hawangoji ripoti." Nikamwambia wake wana bahati, wana pa kuhamia. Wa Akinyi walifika kwa wavu wakasimama.

Siku hizi Akinyi anakuja kila upepo ikitulia. Mimi siko na macho tena, na maji yenyewe imekuwa kijani kama mchuzi ya mrenda. Zamani ningehesabu vidole vya miguu yangu humo ndani. Analala kifudifudi juu ya jiwe na zile kucha zake ndefu, anatazama, ananiuliza, "Dani, hii ni fulu ama ni omena?" Enzi zetu mtoto wa miaka tano angechapwa kwa swali kama hiyo, omena ni dagaa, haikai kwa mawe. Mimi namjibu pole pole. Namwambia anieleze vile inaogelea, kwa sababu mimi sioni, na yeye hana mwingine wa kuuliza.